Klachi ya gari la spoti Isiolo: nunua ya barabara yako, si ya maandishi ya boksi

Ukitoka Isiolo kwenda kusini, barabara huanza kupanda mapema. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukishapita Lewa na kufika njia panda ya Subuiga, umeingia kwenye baridi ya Mlima Kenya, na kabla ya kushukia Nanyuki, ulio karibu mita 1,950, utakuwa umevuka Timau iliyo juu zaidi. Ukigeukia kaskazini mambo ni kinyume. Lami inapita Archers Post, Laisamis na Marsabit hadi Moyale, kilomita 500 hivi, na dereva anaweza kukaa gia ya tano kwa muda mrefu bila kugusa pedali ya kushoto. Katikati ya njia hizo mbili ni mji wenyewe: matuta, bodaboda, malori yanayoegesha kando na mifugo inayovuka kwa wakati wake.

Klachi ya gari la Isiolo huonja hali zote tatu ndani ya wiki moja. Mwenye gari la otomatiki hana wasiwasi huu. Lakini mwenye gari la spoti la gia za mkono, analolipeleka kazini, sokoni na msikitini au kanisani, siku moja atalazimika kuchagua klachi mpya, na hapo ndipo wengi hupotea. Gari linalotembea kila siku linahitaji klachi inayolingana na nguvu ya injini yake na njia linazopita. Klachi ya mashindano, hata ikiwa na jina kubwa na bei kubwa, italinyima gari hilo raha, na wakati mwingine italivunjia giaboksi.

Urithi wa Safari

Nchini Kenya, mtu akitaja gari la spoti ambalo mwananchi wa kawaida anaweza kulifikia, mara nyingi anasema Subaru Impreza WRX. Wapo wenye Mitsubishi Lancer Evolution, Subaru BRZ na Mazda RX-8, ila WRX ndiyo iliyozoeleka zaidi. Sababu yake haiko mbali. Mwaka 1994 Patrick Njiru, Mkenya, alimaliza wa nne katika Safari Rally akiendesha Impreza. Colin McRae akashinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akarudia ushindi huo kwa gari la aina hiyo mwaka 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakati huo, vumbi likiwafunika, ndio watu wazima wanaoyanunua magari hayo leo.

Urithi huo ni wa kujivunia, lakini pia unawapotosha watu dukani. Klachi ya rali hutengenezwa kwa kazi ya siku chache. Nyuma yake kuna timu ya mafundi iliyo tayari kushusha giaboksi nzima wakati wa huduma, na hakuna anayejali kama pedali ni nzito au gari linatetemeka likiondoka. Wewe unatafuta klachi itakayodumu miaka, itakayokuruhusu kutambaa nyuma ya kundi la ngamia bila kunuka, na ambayo mkeo, mumeo au ndugu yako anaweza kuiendesha bila kuzimikiwa na gari njia panda.

Kuna jambo jingine linalofanya uamuzi huu uwe mzito. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo WRX ya 2005 iliyokuja kama mtumba ilikuwa imeshafika nchini kufikia 2012 au karibu na hapo, na tangu wakati huo huenda imepita mikono mingi. Mibadala yake si mingi. WRX S4 iliyouzwa Japani haina gia za mkono, na STI, toleo kali zaidi la WRX, yenye injini ya EJ20 ilifungwa kwa toleo la mwisho la magari 555, lililozinduliwa 2019. Mwaka 2022 Subaru ilitangaza kwamba haitatoa STI ya injini ya petroli kwa kizazi kipya cha WRX. Mwenye gari la pedali tatu leo ana kila sababu ya kulitunza.

Kwanza hakikisha ni klachi

Kabla ya kutoa shilingi, jua ugonjwa. Ingia barabara tupu na tambarare, gari likiwa limepata moto, weka gia ya nne kwa mwendo wa wastani kisha kanyaga mafuta hadi chini. Ikiwa mshale wa mizunguko ya injini unaruka lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Hiyo ndiyo dalili isiyo na ubishi, na mara nyingi wakazi wa Isiolo huigundua kwenye mwinuko wa Subuiga, gari likiwa na watu wanne na mizigo.

Dalili nyingine huelekeza kwingine. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, yaweza kuwa oili imepenya hadi kwenye pleti kutoka sili ya nyuma ya injini au sili ya shafti ya giaboksi. Ukibadilisha klachi bila kuziba uvujaji huo, klachi mpya nayo italowa. Kelele ikisikika unapokanyaga pedali, shuku beringi ya kuachilia klachi. Kelele ikiwepo gari likiwa halina gia, kisha ikatoweka unapokanyaga, shuku beringi ya shafti ya giaboksi. Pedali ikizama taratibu, au gia zikikataa kuingia asubuhi, angalia masta silinda na silinda ndogo iliyo karibu na giaboksi, kwani Impreza za tabo hutumia mafuta ya haidroliki na si waya. Wapo waliolipa fedha za klachi nzima kwa tatizo la mpira mdogo wa silinda.

Hesabu ya mshiko

Klachi ni pleti yenye nyuso mbili za msuguano, inayobanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Uwezo wake hutokana na mambo matatu: upana wa pleti, nguvu ya kubana ya springi ya presha pleti, na ukali wa mshiko wa nyenzo iliyobandikwa kwenye pleti. Ukijua hayo matatu, muuzaji hawezi kukuyumbisha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pleti ya WRX kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 230, na ile ya STI ya gia sita milimita 240. Tuseme wastani wa umbali kutoka katikati ya pleti ya WRX hadi katikati ya ukanda wa msuguano ni milimita 95, presha pleti inabana kwa nyutoni 6,500, na kiwango cha mshiko wa nyenzo ni 0.3. Zidisha vyote, kisha zidisha mara mbili kwa sababu pleti ina nyuso mbili: unapata takriban nyutoni-mita 370. WRX ya kwanza, iliyotoka mwaka 1992 ikiwa na farasi 240, ilitoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 304. Klachi ya namna hiyo ina akiba ya kama asilimia 20, na akiba hiyo inatosha gari ambalo injini yake haijaguswa.

Sasa ongeza nguvu ya kubana kwa asilimia 20: uwezo unafika karibu nyutoni-mita 445, lakini mguu wako ndio unaolipa, maana pedali inakuwa nzito kwa kiasi kinachokaribia hicho. Uma wa klachi, unaoisogeza beringi ya kuachilia, nao unabeba mzigo zaidi, pamoja na beringi za krenkshafti zinazozuia shafti isisukumwe mbele na nyuma. Ukibadilisha nyenzo badala yake, mshiko ukapanda hadi 0.4, uwezo unakaribia 495 bila pedali kubadilika, lakini gari litaanza kuondoka kwa mshtuko. Kila hatua ina bei yake, na bei hiyo hailipwi dukani pekee.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: injini yako inatoa nguvu ngapi hivi leo? Kama ni WRX iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, klachi ya kiwango cha kiwanda inatosha. Kama imeongezewa presha ya tabo na kompyuta yake kuchezewa, tafuta klachi inayozidi nguvu halisi ya injini kwa asilimia 20 hadi 30. Kununua klachi yenye uwezo mara mbili ya injini ni kulipia pedali nzito na mitetemo usiyoihitaji.

Aina zilizo sokoni

Kundi la kwanza ni klachi ya kawaida yenye nyenzo ya organiki, mchanganyiko wa nyuzi na gundi maalumu. Inashika polepole, haina kelele, na inavumilia foleni ya mji. Udhaifu wake ni joto: ukiichoma kwa kuondoka kwa kishindo mara kwa mara, inang'aa kama kioo na kuanza kuteleza. Watengenezaji wanaofahamika, kama Exedy na Aisin wa Japani, huuza seti kamili za aina hii kwa ajili ya Subaru.

Kundi la pili ni organiki iliyoimarishwa: pleti karibu ile ile, lakini presha pleti ina springi kali zaidi. Pedali inakuwa nzito kidogo, uendeshaji unabaki wa kistaarabu. Kwa WRX iliyoongezewa nguvu kiasi na inayofanya safari ya Meru au Nanyuki kila wiki, hili ndilo chaguo bora. Kundi la tatu ni kevla, yenye uvumilivu mzuri, lakini inahitaji muda mrefu wa kuzoeshwa, na ikishaunguzwa vibaya mara moja ni vigumu kurudi katika hali yake.

Kundi la nne ni seramiki, pleti yenye vipande vitatu, vinne au sita badala ya ukanda wa duara. Hustahimili joto kali na hushika kwa nguvu. Katika barabara za kila siku, hata hivyo, hufanya kazi kama swichi ya taa: ama imewaka, ama imezimwa. Kuondoka mlimani nyuma ya lori la makaa kunakuwa kazi ya mishtuko. Flaiwili huliwa haraka, na mshtuko huo unapita moja kwa moja hadi kwenye meno ya gia. Giaboksi ya gia tano ya WRX za zamani inajulikana miongoni mwa wapenzi wa gari hilo kwa kutopenda mapigo ya ghafla. Kuifungia klachi ya seramiki ni kuhamisha uchakavu kutoka kwenye pleti unayoweza kununua hadi kwenye gia zilizo adimu na ghali. Klachi za pleti mbili ni nzuri kwa magari yenye nguvu kubwa sana, lakini bei yake na kelele zake haziendani na gari la kupeleka watoto shule.

Usichukulie maneno ya steji moja, steji mbili na steji tatu kuwa kipimo. Hakuna kiwango cha pamoja kinachoyafafanua. Kila kampuni hujipangia. Muulize muuzaji uwezo kwa nyutoni-mita, aina ya nyenzo, na kama katikati ya pleti kuna springi. Springi hizo hufyonza mitikisiko ya injini, na pleti isiyo nazo kwa kawaida ni ya mashindano.

Vitu vinavyoizunguka

Kazi ya kubadilisha klachi ya Subaru ni kubwa, maana ama giaboksi inashushwa au injini inatolewa. Malipo ya fundi hayatofautiani sana ukinunua pleti peke yake au seti nzima. Kwa hiyo fedha ambazo ungetumia kupanda kutoka organiki kwenda seramiki zipeleke kwenye vitu vilivyo jirani: beringi ya kuachilia klachi, beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya injini, sili ya shafti ya giaboksi, uma wa klachi kama umeanza kupata ufa, na silinda ndogo kama inavuja.

Flaiwili nayo ikaguliwe. Alama za rangi ya samawati, nyufa nyembamba na mistari mirefu ni ushahidi wa joto. Ikiwa bado ina unene unaoruhusiwa, ichongwe upya kwenye leth na fundi anayeaminika, hata kama itabidi ipelekwe Meru au Nanyuki na kurudishwa kesho yake. Kubandika klachi mpya juu ya flaiwili iliyopinda ni kununua mtetemo. Baadhi ya magari mapya yana flaiwili ya vipande viwili vyenye springi ndani. Hiyo haichongwi ovyo. Hukaguliwa na kubadilishwa ikibidi. Epuka kishawishi cha flaiwili nyepesi. Uzito wa flaiwili ya kiwandani ndio unaolisaidia gari kuondoka mlimani kwa mizunguko midogo, na faida hiyo ina thamani kubwa kwenye barabara ya Subuiga kuliko injini kupanda mizunguko upesi.

Kununua kutoka mbali

Sehemu kubwa ya spea za magari haya hutoka Nairobi, kilomita 285 hivi kutoka Isiolo, hasa eneo la Barabara ya Kirinyaga ambalo wengi bado huliita Grogan. Zinatumwa kwa basi kama paseli na kupokewa stendi. Umbali huo ndio unaokudai uwe makini kabla ya kulipa, kwa kuwa kurudisha mzigo usiofaa kunakula siku na nauli.

Anza na namba ya chesisi, si jina la gari. Impreza mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na klachi tofauti kabisa: nyingine hufunguka kwa beringi kusukumwa, nyingine kwa beringi kuvutwa, na presha pleti za aina hizo mbili haziingiliani. Mwambie muuzaji akutumie picha ya namba ya spea, kipenyo cha pleti, idadi ya meno ya katikati, na upande wa presha pleti unaoonyesha springi. Linganisha na klachi ya zamani. Ikiwa fundi anaweza kuifungua kwanza gari likiwa limesimama gereji, ni vyema zaidi.

Usinunue pleti iliyotumika, hata ukiambiwa ni ya ex-Japan na haijaliwa. Unene waweza kupimika, lakini joto lililokwisha kupita kwenye nyenzo halionekani. Flaiwili iliyotumika ni habari nyingine, ikiwa imepimwa na kukaguliwa. Jihadhari pia na bandia. Chapa iliyopakwa hovyo, boksi lisilo na namba inayolingana na ile iliyo kwenye pleti, riveti zisizo sawa na springi zinazocheza zikitikiswa ni dalili za kukufanya urudishe mzigo. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, pamoja na mamlaka iliyoundwa kuisimamia, hivyo risiti yenye jina la duka ni silaha yako. Rahisi ghali, hasa pale ambapo injini lazima itolewe mara ya pili.

Siku ya kazi

Chagua fundi aliyewahi kufungua Subaru ya tabo, na umuulize bila haya. Kwenye zile zenye klachi ya kuvutwa, pini ya uma lazima itolewe kupitia tundu lililofungwa kwa bolti kwenye ganda la giaboksi kabla ya injini na giaboksi kutenganishwa. Asiyejua hilo atavuta kwa nguvu na kuvunja beringi au uma. Fundi mwenye uzoefu atakueleza hatua hiyo mwenyewe kabla hujamaliza swali.

Hakikisha pleti inawekwa kwa kifaa cha kuilenga katikati, bolti zinakazwa kidogo kidogo kwa mpangilio wa msalaba, na uso wa flaiwili unasafishwa kwa dawa ya kusafishia breki ili mafuta ya mikono yasibaki. Vumbi la klachi ya zamani lisipulizwe kwa upepo. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwani nyenzo za zamani zingine zilikuwa na asbesto, inayodhuru mapafu. Grisi ya meno ya shafti iwe kidogo. Ikizidi, itarushwa kwenye pleti.

Kilomita za kwanza

Klachi mpya huhitaji kilomita 500 hadi 800 za mwendo wa upole ili nyuso zikae sawasawa. Hapa wakazi wa Isiolo wajue tofauti moja muhimu: safari ya kwenda Moyale na kurudi inakaribia kilomita 1,000, lakini klachi itakuwa imekanyagwa mara chache mno. Klachi huzoea kwa kushika na kuachia. Kilomita zenye manufaa ni zile za mjini, za Bulla Pesa hadi sokoni, sokoni hadi kazini, gia ya kwanza hadi ya tatu, bila kishindo na bila mzigo mzito mlimani.

Baada ya hapo tabia ya dereva ndiyo itakayoamua umri wake. Mlimani shikilia gari kwa breki ya mkono, si kwa klachi. Usiache mguu ukipumzika juu ya pedali. Nyuma ya mifugo, simama kabisa, toa gia na usubiri, badala ya kuisugua klachi kwa kutambaa hatua moja moja. Klachi inayoteleza kwa sekunde chache chini ya mzigo hutoa joto jingi kuliko kubadilisha gia kwa utulivu.

Basi kwa WRX ya Isiolo ambayo injini yake haijaongezewa nguvu, chukua seti ya organiki ya kiwango cha kiwanda kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, yenye springi katikati, ikiwa na beringi mpya, sili mpya na flaiwili iliyochongwa. Iliyoongezewa nguvu ipate organiki iliyoimarishwa, iliyochaguliwa kwa nyutoni-mita. Seramiki waachie wanaokwenda Naivasha kushindana katika Safari, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Kisha andika kwenye daftari la gari namba ya spea, tarehe, na idadi ya kilomita siku ilipofungwa, kwa sababu atakayelifungua gari hili tena, awe wewe au atakayelinunua kwako, anastahili kuanza na ukweli.